Kununua wimbo utakaocheza kwenye flashi: kufuli, nchi na akaunti

Mimi napiga muziki kwenye harusi, Tanga mjini na mara nyingine hadi Pangani na Muheza. Kazi hii inanilazimisha kuuliza swali ambalo msikilizaji wa kawaida halimhusu mpaka siku limkute: wimbo huu utacheza kwenye mashine ya mtu mwingine? Mteja ananifungulia simu, orodha ndefu yenye picha za majalada, anasema, "Kaka, zote zimo humu, na nimelipia." Nachomeka flashi, hakuna kinachohama. Kulipia amelipia kweli. Alichopewa ni ruhusa ya kusikiliza kwenye simu yake, na ruhusa hiyo haina faili la kubeba.

Haya ninayoandika ni kwa mtu anayetaka kutoa pesa na kubaki na wimbo: auweke kwenye redio ya gari, kwenye kitochi, kwenye mikisa ya ukumbini, na miaka kumi mbele bado ucheze hata kama duka limeshafungwa. Ni kwa mwenye nyimbo za zamani pia, zile za enzi za iPod, ambazo leo hazifunguki.

Mtandaoni vinauzwa vitu vitatu kwa jina moja la muziki. Kuna faili huru, ambalo ukishalipakua unalinakili popote. Kuna faili lenye kufuli, wenyewe wanaita DRM: lipo kwenye diski yako, unaliona, ukubwa wake unaujua, lakini halitoi sauti mpaka programu fulani ijiridhishe kwamba akaunti yako ina haki. Na kuna usajili wa mwezi, ambao hata kile kinachoitwa "kupakua" ni faili la kufuli linalokufa ukiacha kulipa. Maduka hayaandiki tofauti hii kwa herufi kubwa. Inabidi uitafute mwenyewe.

Angalia kwanza ulicho nacho

Anza na zile herufi za mwisho za jina la faili, baada ya nukta. Windows huzificha, kwa hiyo fungua folda, nenda "View", weka tiki kwenye "File name extensions". Ukiona mp3, flac, wav au ogg, pumua. Ukiona m4a, kwa kawaida nalo ni huru. Ukiona m4p, hilo lina kufuli la Apple. Ukiona wma, huwezi kujua kwa macho: yapo ya wma yaliyo huru na yapo yaliyofungwa kwa kufuli la Microsoft, na jina ni hilohilo moja.

Kwa mwenye maktaba ya iTunes, programu ya muziki ya Apple, kwenye Windows, au programu ya Music kwenye Mac, kuna njia ya haraka zaidi. Fungua orodha ya nyimbo zote, kisha kwenye mipangilio ya kuonyesha safu weka tiki kwenye "Kind". Bofya kichwa cha safu hiyo ili nyimbo zijipange kwa aina. Sasa soma. "MPEG audio file" ni MP3, haina neno. "Purchased AAC audio file" ni wimbo ulionunuliwa usio na kufuli. "Protected AAC audio file" ni ule ulionunuliwa ukiwa umefungwa. "Apple Music AAC audio file" huo hukuununua kabisa, ni wa usajili. Mistari miwili hii ya mwisho yote huishia na m4p, ndiyo maana sitegemei jina la faili peke yake. Tofauti yake ni kubwa: wa kwanza una mwenyewe na unaweza kuokolewa, wa pili ni wa kukodi.

Kwenye simu ya Android mambo ni ya giza zaidi. Nyimbo ulizohifadhi ndani ya programu ya usajili hukaa kwenye folda ya programu hiyo zikiwa na majina ya herufi na tarakimu zisizosomeka. Vijana huniletea folda hiyo wakidhani wamepata hazina. Ni makopo yaliyofungwa, na kopo lenyewe halifunguki nje ya programu yake.

Kubadilisha jina kutoka m4p kwenda mp3 hakufungui chochote, maana kufuli limo ndani ya sauti yenyewe. Na zile tovuti zinazoahidi kuondoa DRM kwa kubofya mara moja, nyingi zinakupa kirusi kabla hazijakupa wimbo. Tena kuvunja kufuli la namna hiyo kumekatazwa na sheria katika nchi kadhaa, Marekani tangu sheria yao ya 1998, na Kenya kupitia Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Zipo njia ambazo maduka yenyewe yaliziacha wazi, nitafika huko.

Kipimo changu cha mwisho hakihitaji utaalamu. Nakili wimbo kwenye flashi, uweke kwenye kompyuta isiyo na intaneti na isiyo na akaunti yako, ufungue kwa VLC, programu ya bure ya kucheza muziki na video, kisha ruka katikati na mwishoni. Ukicheza hapo, utacheza popote.

Tarehe ya kununua inakuambia mengi

Mtu akiniletea diski ya zamani, swali langu la pili ni: ulinunua mwaka gani, na duka gani? Jibu hilo linaokoa nusu ya kazi.

Duka la muziki la iTunes lilifunguliwa Marekani Aprili 2003, wimbo senti 99, na kila wimbo ulikuwa na kufuli lililoitwa FairPlay. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zilipata duka lao Juni 2004. Uingereza wimbo ulikuwa peni 79. Wimbo huo ulicheza kwenye iTunes na kwenye iPod, basi. Mwenye mashine ya kampuni nyingine hakuwa na lake. Upande wa pili Microsoft nao walikuwa na kufuli lao, na 2004 wakaweka nembo ya PlaysForSure kwenye mashine na maduka yaliyolikubali, yaani "itacheza kwa hakika". Miaka miwili baadaye wao wenyewe wakatoa mashine ya Zune, na nyimbo za PlaysForSure hazikucheza humo. Sijawahi kusikia kejeli nzuri kuliko hiyo, na hakuna aliyeitunga.

Hata CD za dukani hazikusalimika. Mwaka 2005 Sony BMG waliuza CD ambazo ukiziweka kwenye kompyuta zilisakinisha programu iliyojificha ndani ya Windows na kuiachia tundu la usalama. Mtaalamu Mark Russinovich aliligundua hilo, ikawa kelele dunia nzima, na kampuni ikaziondoa CD hizo sokoni. Ukikutana na CD halisi ya mwaka huo ya kampuni hiyo, usiiruhusu kusakinisha kitu chochote.

Mambo yaligeuka 2007. Februari ya mwaka huo Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika barua ya wazi akisema angeyaacha makufuli kwa furaha kama kampuni kubwa za muziki zingekubali. EMI, mojawapo ya kampuni hizo, walikubali kwanza, na mwishoni mwa Mei 2007 nyimbo zao zikaanza kuuzwa iTunes bila kufuli, kwa ubora wa kbps 256 badala ya 128 (kbps ni wingi wa data ya sauti kwa sekunde), kwa dola 1.29. Septemba Amazon wakafungua duka la MP3 tupu, na mapema 2008 kampuni zote nne kubwa za wakati huo zilikuwa zimeingia humo. Januari 2009 Apple wakatangaza kwamba katalogi yote inafunguliwa, kazi iliyokusudiwa kukamilika ndani ya miezi michache.

Kwa hiyo kanuni ninayotumia ni hii. Wimbo wa iTunes wa kabla ya Mei 2007 umefungwa. Wa kati ya hapo na mwanzoni mwa 2009, kagua mmoja mmoja. Wa baada ya hapo ni huru. Wa Amazon MP3 ni huru tangu siku ya kwanza. Na wa maduka yaliyouza wma ya kufuli, jiandae kwa habari mbaya.

Habari yenyewe ni kwamba maduka yale yalikufa, na kufuli linahitaji seva iliyo hai, yaani kompyuta ya duka inayotoa funguo. MSN Music, duka la Microsoft, walitangaza Aprili 2008 kwamba hawatatoa tena funguo kwa kompyuta mpya baada ya Agosti. Wateja wakapiga kelele, muda ukasogezwa hadi mwisho wa 2011. Yahoo nao walizima seva zao Septemba 30, 2008, wakiwalipa fidia wateja. Kompyuta iliyokuwa na ruhusa iliendelea kucheza, lakini ukibadilisha diski au ukisakinisha Windows upya, imekula kwako. Linganisha na Google Play Music, iliyofungwa mwishoni mwa 2020: aliyekuwa amenunua nyimbo humo alipewa muda kupakua MP3 zake, hadi Februari 2021, na aliyezipakua anazo mpaka leo. Maduka yote hayo yalikufa. Kilichotofautisha ni aina ya faili.

Kuokoa nyimbo za zamani: laptopu ya shangazi

Shangazi yangu aliishi Leicester, Uingereza, miaka mingi, akarudi Tanga na laptopu ya Windows iliyochoka na nyimbo alizonunua kati ya 2005 na 2008: rumba la Kongo, nyimbo za filamu za Kihindi, na waimbaji wa Misri ambao wimbo wao mmoja unafika nusu saa. Aliniita akasema, "Mwanangu, hizi nimezitolea jasho kiwandani. Kwa nini simu inazikataa?" Nilichomfanyia ndicho ninachokushauri, kwa mpangilio huuhuu, maana ukianza mwisho unaweza kupoteza kila kitu.

Usifute laptopu, wala usisakinishe Windows upya, wala usimruhusu fundi "kuisafisha". Kama kompyuta ile bado ina ruhusa ya kucheza nyimbo, hiyo ruhusa ndiyo mtaji wako. Nakili kwanza folda nzima ya muziki kwenye diski ya nje, na kufuli zake vivyo hivyo.

Kisha tafuta akaunti iliyonunua. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu barua pepe ya 2005 imeshasahaulika. Kwenye iTunes bofya wimbo uliofungwa, fungua "Get Info", ukurasa wa "File": jina na barua pepe ya mnunuzi vimeandikwa humo. Shangazi alikuwa na mbili, moja ya marehemu mume wake. Rudisha nywila za akaunti zote kabla hujagusa kingine. Ruhusa za kompyuta ziko kwenye menyu ya "Account", chini ya "Authorizations". Kompyuta tano tu ndizo zinazoruhusiwa kwa akaunti moja. Ukiambiwa nafasi zimejaa, na mashine za zamani zimeshatupwa, kwenye ukurasa wa akaunti kuna kitufe cha kuzifuta zote kwa pamoja, ila hutumika mara moja kwa mwaka. Usikibonyeze kwa hasira.

Baada ya hapo jaribu kupakua upya. Nenda kwenye sehemu ya vilivyonunuliwa, chagua wimbo mmoja ambao nakala yake ya kufuli tayari umeihifadhi kwenye diski ya nje, uondoe kwenye maktaba, uupakue tena, kisha usome ile safu ya "Kind". Mara nyingine hushuka toleo lisilo na kufuli. Ukibaki "Protected", Apple wana huduma iitwayo iTunes Match, kama pauni 22 kwa mwaka kwa akaunti ya Uingereza: inalinganisha nyimbo zako na katalogi yao, na zile zinazopatikana unazipakua upya zikiwa huru kwa kbps 256. Ukimaliza, acha usajili usijirudie mwaka unaofuata. Mafaili yanabaki yako. Haipo nchi zote, na inafuata nchi ya akaunti, si mahali ulipokaa. Akaunti ya shangazi ilikuwa bado ya Uingereza na kadi ya benki ya huko ilikuwa hai, kwa hiyo tulipita hapo.

Zikabaki zile ambazo duka limeacha kuziuza. Hizo hazina toleo jipya popote. Dawa yake ni CD, na nasema hivi nikijua vijana mtacheka. iTunes inaruhusu wimbo wenye kufuli kuchomwa kwenye CD ya sauti, orodha moja mara saba. Tengeneza orodha isiyozidi dakika 80, chagua "Audio CD" (ukichagua MP3 CD itakataa), choma, kisha irudishe CD hiyohiyo ndani na uinakili kwenye kompyuta kama CD ya kawaida. Kinachotoka hakina kufuli. Wakati wa kuirudisha chagua wav au umbo lingine lisilobana sauti, ili usiibane mara ya pili; mara ya kwanza ilibanwa dukani kwa kbps 128 na hilo halirekebishiki. Majina ya nyimbo yanaweza kupotea, kwa hiyo andika orodha kwenye karatasi kabla ya kuchoma. Kwa rumba la kawaida CD moja inabeba nyimbo kumi na zaidi. Kwa Wamisri wale, mbili. Nilinunua pakiti nzima ya CD tupu kwa Mhindi wa barabara ya kumi na mbili, ambaye aliniuliza kama nimefufuka kutoka 2004.

Mwisho wa kazi, kabla laptopu haijatupwa, rudi kwenye "Authorizations" uiondolee ruhusa.

Kununua leo

Habari njema ni kwamba duka linalouza faili moja moja siku hizi karibu kila mara linauza bila kufuli. Habari ngumu ni kwamba maduka hayo yanapungua, na mengi hayauzi kwetu.

Hebu tuanze na lililo rahisi kwa Mwafrika Mashariki. Bandcamp, iliyoanza 2008, inauza nchi nyingi bila kukuuliza pasipoti. Unalipa kwa kadi au PayPal. Ukishalipa, inakuja orodha ya kuchagua umbo: MP3, FLAC, AAC, Ogg, WAV na mengine, na unaweza kurudi kesho ukachagua jingine bila kulipa tena. Kwenye simu fanya hivi kwa kivinjari, sio kwa programu yao, kwa sababu programu ni ya kusikiliza tu na utazunguka ukitafuta faili usilione. Albamu hushuka ikiwa zip: ibonyeze, ichague kufunguliwa, ndipo nyimbo zitokee. Chagua FLAC kama una bando na nafasi, maana haipunguzi sauti, ndiyo nakala ya kuhifadhi. MP3 utaitengeneza mwenyewe baadaye. Singeli na ngoma za kisasa za ukanda huu zipo kwa wingi kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Taarab za harusi, hizi ninazopiga kila Jumamosi, ni chache mno humo, na hilo linaniudhi, lakini ndivyo lilivyo. Kwa taarab bado ninampigia simu mwenye kikundi na kumlipa kwa simu, naye ananitumia wav kwa barua pepe. Hakuna duka linaloshinda hiyo.

Kwa MP3 za bure zilizo halali kuna Mdundo ya Nairobi. Faili ni huru, linakwenda popote, lakini mwanzoni huwa na tangazo la sauti, ambalo ndilo linalomlipia msanii. Kwa kusikiliza nyumbani hakuna shida. Kwa harusi lisikilize kabla: bibi harusi yuko mlangoni, vigelegele vimeanza, halafu spika zinanadi bando. Weka alama ya kuanzia baada ya tangazo kwenye programu yako ya kupigia.

Kama unacheza muziki wa klabu, Beatport wanauza MP3 za kbps 320, na wav kwa nyongeza.

iTunes na Amazon zinauza mafaili huru, ila hapa linaingia suala la nchi. Haki za kuuza wimbo hugawanywa kwa mipaka: kampuni moja inaweza kuwa na haki za Uingereza, nyingine za Afrika Kusini, na kwetu pasiwe na mtu. Ndiyo maana wimbo unauona kwa jina, kitufe cha kununua hakipo. Kwa iTunes, duka halitazami uliposimama. Linatazama nchi ya akaunti, na nchi ya akaunti inathibitishwa na kadi ya malipo na anwani yake. Kadi za zawadi nazo zina nchi: ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Ukiwa na ndugu ughaibuni anayetaka kukutumia zawadi, mwambie akuulize kwanza nchi ya akaunti yako, la sivyo atakuwa amenunua tarakimu tupu.

Tena usichanganye huduma ya kusikiliza na duka la kununua. Apple Music ilifika Tanzania Aprili 2020. Spotify ilifika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi Februari 2021. Hizo ni huduma za usajili, na kuwepo kwake hakumaanishi kwamba duka la mafaili nalo limefunguliwa. Ingia kwa akaunti yako, tafuta wimbo unaoujua, uone kama kuna bei pembeni yake. Hakuna bei, hakuna duka.

Wanaoshauri VPN wapo kila kona. VPN inabadilisha unakoonekana, kadi inabaki ya kwenu. Na ukipata kadi ya kuazima, umejenga maktaba yako juu ya akaunti inayoweza kufungwa kwa kukiuka masharti. Siku nikitaka wimbo usiouzwa hapa, natafuta CD. CD haiulizi nchi.

Ukihama nchi, tuseme kutoka Nairobi kwenda Dubai, pakua kila ulichonunua kabla hujabadilisha nchi ya akaunti. Baada ya kubadilisha, vya zamani vinaweza visionekane tena, na Apple hawatakuruhusu kubadilisha kama bado una salio au usajili unaoendelea. Kifaa ulichokiunganisha na akaunti moja kwa ajili ya vilivyonunuliwa hukaa siku 90 kabla hakijakubali akaunti nyingine, kwa hiyo usijaribujaribu.

Usajili sina ugomvi nao. Nasikiliza humo nyimbo mpya kabla ya kununua. Lakini zijue kamba zake: Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na mwisho wa kupakua ni nyimbo 10,000 kwa kifaa, vifaa vitano. Boomplay, iliyoanza 2015 na kusambaa ikiwa tayari ndani ya simu za TECNO, nayo nyimbo zake zinachezwa ndani ya programu yenyewe. Masharti ya huduma hizi ni ya kusikiliza binafsi, na ukumbi wa harusi sio matumizi binafsi. Hata faili huru ulilonunua halikupi haki ya kulipiga hadharani kwa malipo. Hilo lina kibali chake, uliza ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar.

Kulifikisha faili kwenye mashine

Faili kuwa huru hakutoshi kama mashine hailijui. Redio za magari yaliyotumika kutoka Japani, na mikisa nyingi za bei ya chini, zinajua MP3 na mara nyingine wma. Ukizipa FLAC au m4a zinakaa kimya. Kwa hiyo mimi huweka FLAC nyumbani na kwenye flashi naweka MP3 ya kbps 320, nikigeuza kwa programu ya fre:ac au foobar2000, zote za bure.

Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili unaosomwa na mashine nyingi. Dirisha la kawaida la Windows halikupi FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32, basi nunua ya 16 au 32 uepuke mzozo. Redio nyingi zina kikomo cha mafaili kwa folda, mara nyingi 255. Gawa kwa aina. Majina yaanze na tarakimu, 01, 02, ili mpangilio usivurugike.

Ukinunua nyimbo kwa vijana wa vibanda wanaoingiza kwenye memori kadi, kagua ukubwa. Wimbo wa dakika nne kwa kbps 320 ni karibu MB 9.6, kwa 256 ni 7.7, kwa 128 ni chini ya 4. Lakini ukubwa unaweza kudanganya: MP3 ya 128 ikigeuzwa kuwa 320 inanenepa tu, sauti ni ileile. Sikiliza matoazi na vigelegele. Vikisikika kama maji yanayomwagika, faili limebanwa zamani. Na wewe uliyenunua iTunes, usimpe kijana wa kibanda mafaili yako ayauze. Yasiyo na kufuli bado yanabeba ndani yake jina na barua pepe yako.

Hilo linanifikisha kwenye mirathi, ambayo kwetu Pwani ni jambo la kuandikwa mapema. Apple wana utaratibu wa kumteua mtu wa kurithi data zako ukifa, ila muziki, filamu na vitabu ulivyonunua havimo. Akaunti ya mume wa shangazi ilifunguka kwa sababu tu shangazi alikuwa na simu ya marehemu yenye namba ya kupokelea msimbo. Mafaili yaliyokaa kwenye diski bila kufuli hayana mlango wa kubishwa. Yanagawiwa kama vitabu vya marehemu.

Weka nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Flashi usiifanye hifadhi, ni ya kubebea tu. Ikikaa miaka bila kuchomekwa inaweza kupoteza vilivyomo. Pamoja na nyimbo weka risiti, kila duka na barua pepe iliyotumika kununulia. Na ukishanakili, chomoa, chomeka kwenye mashine nyingine, fungua wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, uruke hadi mwisho wa kila mmoja. Nakala iliyokatika katikati huwa na jina zuri na mwanzo mzuri.